Gauni Lililombana Mwenziwe

Daladala namba 502 ya Bububu, Unguja, hupita Mtoni. Humo hupanda akina mama waendao sokoni Darajani, na baadhi yao wana haja moja tu: nguo za watoto za mtumba.

Wauzaji wa nguo hizo wanastahili pongezi. Mtoto hangoji mshahara ndipo akue. Suruali iliyomfaa Ramadhani iliyopita leo inamwishia kwenye ugoko, na kitambaa bado kizima. Yalimkuta hayohayo mtoto wa Ulaya aliyeivaa mwanzo. Ikambana, ikafungwa robota, ikavuka bahari.

Robota hununuliwa likiwa limefungwa, kwa hiyo hasara ya kilichomo ni ya muuzaji. Akishakata kamba, huvuta mpira wa kiuno, huinua gauni juani kutafuta tundu, hujaribu zipu mara mbili. Lenye doa hukaa kando na bei yake. Mteja hulilaza gauni mgongoni mwa mwanawe, kisha huomba saizi ya juu yake.

“Chukua hili, mama, atalivaa mpaka mwakani.”

Si wote wanaoipenda biashara hii: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka 3, viwanda vya kwetu vipate nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Marekani ilipotishia kufuta nafuu za kibiashara, Tanzania ilirudi nyuma.

Basi sikukuu ikifika, gauni lile, limefuliwa na kupigwa pasi, liko uwanjani Mnazi Mmoja kwenye bembea. Mdogo wake mwenye nalo analisubiri.