Fundi wa Waifai

Mpe fundi wa waifai nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndipo utakapojua kama ni fundi kweli au ni muuza ruta. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Kuta ni nene hata mtu huketi dirishani, na mwaka mzima zinanyonya unyevu wa bahari. Wimbi la gigahezi 2.4, lenye urefu wa sentimita 12 na ushee, hupita kwenye mlango wa mbao bila taabu, huchoka kwenye jiwe bichi, na likikutana na bati au kioo cha kujitazamia hugeuka likarudi. La gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi lakini hufa ukutani mapema. Muuza ruta hayo hayamhusu. Atakibandika kifaa pale pale waya wa intaneti ulipoingilia, ataweka neno la siri 12345678 kwa kuwa mtambo umedai herufi zisizopungua 8, atachukua chake, huyo.

Fundi huanza kwa kutembea. Mkoba bado umefungwa, simu i mkononi na programu ya kupima mawimbi, anapanda ngazi, anaingia chumba cha uani, anafunga mlango na kuufungua tena. Anasoma namba hasi, za desibeli: 40 karibu na ruta, 67 mahali ambapo simu ya video bado inakwenda bila kukwama, 80 mahali ambapo alama ya waifai inaonekana na kazi haifanyiki. Kila desibeli 3 zikishuka, nguvu imebaki nusu. Kwa hiyo kati ya 67 na 80 pana tofauti ya takriban mara 20, na mteja anaona vijiti viwili tu vimepungua.

Kisha anawapima majirani. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 3 tu kwa kawaida, yaani 1, 6 na 11, na mtaa mzima unazigombania. Ugomvi huo si mpya: mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Kila kituo kilisema kilipotaka. Ujumbe ukigongana na mwingine, mwenyewe alisubiri kidogo, muda wa kubahatisha, akarudia. Waifai, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitoka 1997, iliongeza adabu ya barazani: sikiliza kwanza, mwenzako akimaliza ndipo useme. Ruta mbili zenye nguvu kwenye chaneli moja hazileti kasi maradufu, zinangojana. Ndiyo maana utamwona fundi mzuri akipunguza nguvu za kifaa ulichokinunua kwa bei, nawe unashangaa. Hapo mimi humvulia kofia.

Adabu hiyo ina masharti yake. Mwaka 2007, huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili iliyo umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya waifai na antena kubwa za sahani. Hewani hapakuwa na ukuta. Shida ilikuwa subira: ujumbe na jibu lake vilihitaji zaidi ya milisekunde 2 kwenda na kurudi, na waifai ya kawaida hukata tamaa mapema zaidi ya hapo. Ilibidi mtambo ufunzwe kungoja. Kilomita 382 zikavukwa, na bado kuna nyumba ambayo waifai haitoki sebuleni ikafika jikoni!

Halafu kuna waya, maana mtandao usio na waya una waya wake. Kifaa cha ghorofa ya pili lazima kifikiwe na kebo, isiyozidi mita 100, ipitishwe penye ufa wa zamani ili ukuta usitobolewe ovyo. Fundi anachuna ganda, anazipanga nyaya 8 kwa kidole gumba: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Anazikata ncha zikae sawa, anazisukuma ndani ya plagi, anabana kwa koleo. Jozi zile zimesokotwa kwa makusudi, kupunguza kelele za umeme. Anayefumua msokoto kupita kiasi anaiharibu kebo kabla haijatumika.

Kazi ikiisha hakuna cha kuonyesha, na wengi hapo ndipo huanza kupunguza bei: “Si umebonyeza tu?” Basi akija kwako fundi akaanza kuzunguka vyumba bila kufungua mkoba, usimharakishe. Na akitaja bei, mlipe pamoja na mzunguko huo.