Sifa za Jeshi Dogo

Septemba 1999, kwenye maonyesho ya gemu jijini London, kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani ilitangaza gemu ambayo ingeoanisha aina mbili zisizopatana. Upande mmoja majeshi, ngome na migodi ya gemu za mikakati. Upande wa pili shujaa wa ngano, yule anayeanza mnyonge, akaokota upanga, akajifunza uganga, akakomaa. Kamera ingeshuka hadi nyuma ya bega la shujaa ili mchezaji aitazame vita akiwa ndani yake. Gemu yenyewe, Warcraft III: Reign of Chaos, ilitoka Julai 2002. Kamera ilikuwa imerudi juu angani, mataifa yaliyokusudiwa yamepunguzwa hadi manne, na sehemu kubwa ya zile mbwembwe za London imekatwa.

Wapo wanaosema Blizzard waliogopa. Mimi naona fundi aliyekata namna hiyo anastahili sifa kuliko aliyeongeza.

Tatizo lilikuwa hili. Gemu za mikakati za wakati halisi, kwa umbo tunalolijua tangu Dune II ya 1992, zinamlea mchezaji awe bosi asiye na huruma. Jenga uchumi, zalisha askari, wamwage uwanjani, zalisha wengine. Askari wa hamsini hana tofauti na wa kwanza, kama kete za bao: hakuna anayeomboleza kete iliyoliwa. Gemu za uhusika zinadai kinyume chake. Pale una mtu mmoja. Unamjua jina, unahesabu majeraha yake, unabishana na nafsi yako kama umvalishe pete hii au ile. Hata saa zao hazilingani, maana vita vinaweza kuisha kwa dakika ishirini wakati safari ya shujaa hula saa arobaini. Changanya ovyo na utapata moja kati ya mawili: ama shujaa aliye askari tu mwenye mwili mkubwa, ama jeshi lililo pambo nyuma ya shujaa.

Dawa waliyoipata Blizzard ni kupunguza watu. Katika StarCraft, gemu yao ya 1998, jeshi liliruhusiwa kufika hesabu ya 200. Katika The Frozen Throne, nyongeza ya Warcraft III iliyotoka 2003, mwisho ni 100, na katika hiyo 100 askari wa kawaida wa miguu anakula 2, shujaa anakula 5, na vibarua wa mgodini na msituni nao wamo. Ukishatoa hao, unabaki na kikosi ambacho unaweza kukitazama chote kwa mara moja kwenye skrini. Kisha wakaongeza ushuru. Kibarua anatoka mgodini na dhahabu 10. Jeshi likipita 50, hazina inaandika 7. Likipita 80, inaandika 4. Mzigo mgongoni mwa kibarua ni uleule, mwendo wake uleule, ila tamaa yako ya askari wengi imeshaula njiani. Wachezaji waliozoea kufurika kama nzige walilalamika sana kuhusu kanuni hiyo. Walalamike. Bila hiyo, kila kitu kingine katika gemu hii kingekuwa porojo.

Tazama kinachotokea uwanjani jeshi linapokuwa dogo. Una mchawi mkuu na askari wa miguu watano, mmekwenda kuvamia kambi ya majitu msituni ili mchawi apate uzoefu. Askari mmoja amebakiza damu kidogo. Katika gemu nyingine ungemwacha afe, kwa kuwa mwingine yuko njiani. Hapa unambofya yeye peke yake, unamrudisha nyuma hatua chache. Jitu linamwacha, linamgeukia mwenzake mzima, na yule mgonjwa anaingia tena kwa upande mwingine. Mkono wako umefanya kazi ya nusu sekunde na umeokoa dhahabu 135. Dhidi ya binadamu mwenzako hesabu ni kali zaidi, kwa sababu kila askari wako anayeuawa anampa shujaa wa adui uzoefu. Kumpoteza ni hasara mara mbili: umepungukiwa, na umemsomesha mpinzani.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Uzoefu, jambo la gemu za uhusika, umefanywa kuwa mali inayopiganiwa kama dhahabu, jambo la gemu za mikakati. Hujui tena unafanya lipi.

Hesabu ya shujaa mwenyewe imepigwa kwa unadhifu ambao sijauchoka kuutazama. Madaraja ni kumi. Kila shujaa ana ujuzi wa kawaida wa aina tatu, kila mmoja wenye ngazi tatu, na ujuzi mkuu mmoja unaofunguka daraja la sita. Tatu mara tatu, jumlisha moja, kumi. Hakuna nafasi inayobaki wala inayopungua. Katika gemu za uhusika za kawaida kuna matawi na vimatawi vya ujuzi, na usiku mzima wa kujiuliza. Hapa uamuzi unafanywa katikati ya mishale, kwa kubofya mara moja, na bado ni uamuzi. Hata mfuko wa shujaa una nafasi sita tu. Ukiokota cha saba, kitu kimoja kinabaki chini.

Wanyama na majitu wa msituni nao si mapambo. Usiku wanalala, kwa hiyo anayetaka kupita karibu yao au kuwashtukiza anasubiri giza. Wanatoa uzoefu na vitu vya kuokota, lakini shujaa akifika daraja la tano hawamfundishi chochote tena. Kanuni hiyo fupi inafanya kazi kubwa. Msitu umekauka, na anayetaka kukua zaidi hana budi kumfuata jirani. Hakuna tangazo kwenye skrini linalosema vita vianze. Njaa ya shujaa inatosha.

Kwetu ukitaja gemu wengi hudhani unasema mpira, na mjadala wa usimulizi katika gemu huishia kwenye video nzuri zinazochezwa kati ya kazi na kazi. Warcraft III inazo video hizo, na kwa wakati wake zilisifiwa. Lakini kisa cha mwanamfalme Arthas kimesimuliwa na kanuni zenyewe, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Arthas wa Lordaeron ni kijana wa nuru. Unamlea tangu ramani ya kwanza. Daraja lake na vitu vyake anatembea navyo kutoka ramani hadi ramani. Tauni inasambazwa kwa nafaka, na wanaoila hufa na kugeuka misukule. Mnapofika mji wa Stratholme nafaka imeshaliwa. Arthas anaamuru watu wote wauawe kabla hawajageuka. Mlezi wake Uther anakataa. Jaina, ambaye kwenye ramani za nyuma ulikuwa ukimwongoza kwa mkono wako mwenyewe, anaondoka, na nafasi yake kwenye skrini inabaki tupu. Halafu gemu inakupa kazi: ua misukule 100 kabla pepo aitwaye Mal'Ganis hajajitwalia 100 wake. Namba mbili zinapanda. Unabomoa nyumba, watu wanatoka mbio, wanageuka mbele yako. Na kwa kuwa ni mashindano, unaanza kuharakisha. Unatafuta njia fupi kati ya nyumba na nyumba, unagawa kikosi mara mbili ili kazi iende. Ustadi uleule uliokuwa ukiokoa askari mmojammoja msituni sasa unachinja mji, na mkono hauoni tofauti. Mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa nyingi kumfanya msomaji awe mshiriki. Hapa imetosha namba mbili juu ya skrini.

Baadaye, katika nchi ya barafu, amri inakuja kwamba majeshi yarudi nyumbani. Arthas anawakodi mamluki wachome meli zake 5 kabla askari wake hawajazifikia, kisha anawasingizia mamluki haohao. Unayewakodi ni wewe. Dhahabu inatoka kwenye hazina yako.

Akishauchukua upanga uliolaaniwa na kurudi akiwa mtumishi wa wafu, mafundi wanafanya jambo ambalo halina hata sentensi moja ya maelezo. Shujaa uliyemkuza anarudi daraja la kwanza, na ujuzi wake wote umegeuzwa ndani nje. Zamani alikuwa na nuru inayoponya walio hai na kuwaunguza wafu. Sasa ana uganga unaoponya wafu na kuwadhuru walio hai. Zamani aliweza kujikinga asidhurike. Sasa akitaka kupona anamuua askari wake mwenyewe na kunywa uhai wake. Zamani aliwazungushia wenzake ulinzi dhidi ya silaha. Sasa anawatia mwendo wa kasi. Na ujuzi mkuu, ambao zamani ulikuwa kuwafufua askari 6 walioanguka upande wako, umekuwa kuwasimamisha maiti 6 wa upande wowote wapigane kwa muda mfupi, kisha waanguke tena. Mchezaji anayafahamu haya kwa vidole kabla ya kuyafahamu kwa akili: vitufe vimekaa mahali palepale, mtu ni mwingine.

Wengine walijaribu ndoa hiyohiyo kwa njia zao. Majesty, iliyotengenezwa Marekani na Cyberlore mwaka 2000, ilikunyang'anya amri kabisa: mashujaa wana hiari yao, wewe mfalme unapanda bendera yenye zawadi ya dhahabu na kusubiri nani atashawishika. Ni wazo la kuchekesha na la kweli kuhusu utawala, ila baada ya muda unajiona mhasibu. SpellForce ya 2003, kazi ya studio ya Phenomic ya Ujerumani chini ya Volker Wertich, yule aliyebuni The Settlers, ilithubutu kuiweka ile kamera ya nyuma ya bega ambayo Blizzard waliitupa. Kushuka kutoka angani na kutembea na mtu wako katikati ya jeshi kuna raha yake, sikatai. Lakini kila ramani unaanza kujenga upya taratibu, na mtu wako akishakuwa na nguvu za kutosha jeshi linabaki kusindikiza. Inapendeza, haikazi.

Warcraft III ilikuja na programu ya kutengenezea ramani, na kutoka humo wachezaji wenyewe wakazalisha DotA, ramani ambayo unamwongoza shujaa mmoja tu na askari wanatembea wenyewe bila kuamriwa na mtu. Kutoka kwa DotA zikaja League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013, gemu zinazojaza viwanja vya michezo hadi leo. Watoto wamemzidi mzazi kwa umaarufu, na siwanyimi haki yao. Kuna ustadi mkubwa mle. Ila waliurithi upande mmoja wa nyumba. Zamani bingwa kama Li Xiaofeng wa China, aliyetwaa ubingwa wa World Cyber Games mwaka 2005 na 2006 akicheza na taifa la binadamu, ilimpasa atazame shujaa na hazina kwa jicho moja.

Taifa hilo la binadamu lina kengele kwenye ukumbi wa mji. Adui akivamia, unaipiga. Vibarua wanaacha dhahabu na magogo, wanakimbilia ukumbini na kutoka wakiwa mgambo wenye mashoka, kwa muda mfupi tu. Wapo wanaoipiga hata bila kuvamiwa, wakawapeleka mgambo hao msituni kumsaidia mchawi kupanda daraja mapema. Muda ukiisha wanarudi kuwa vibarua, wako mbali na mgodi, na dakika nzima hazina haikuingiza kitu. Kama daraja lile lilistahili gharama hiyo, wachezaji wanabishana mpaka sasa, na kila mmoja ana mchezo wa kukuonyesha kama ushahidi.