Wimbo Unapoingia Kitabuni: Uhakiki wa «Abiyoyo»

Vitabu vya picha vilivyojengwa juu ya wimbo husifiwa kwa sababu moja: mtoto asiyejua kusoma anaweza kuimba. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Swali linalompasa mhakiki ni hili: wimbo ukitolewa kinywani na kuwekwa kwenye karatasi, unabaki na kazi gani? «Abiyoyo», kilichoandikwa na Mmarekani Pete Seeger, kikachorwa na Michael Hays na kutolewa mwaka 1986, kinafaa kulipima swali hilo, maana asili yake ni wimbo wa kubembelezea watoto na ngano ya Afrika Kusini.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mvulana hupiga ukulele, gitaa ndogo ya nyuzi nne, hata watu wa mji wakachoka naye. Baba yake ni mfanya mazingaombwe: kwa fimbo yake huvifanya vitu vitoweke, hata kiti cha mtu anayetaka kuketi. Wote wawili wanafukuzwa wakae pembezoni mwa mji. Siku zimwi Abiyoyo linapotokea, mvulana analiimbia jina lake. Zimwi linacheza, linazidisha kasi, linaishiwa na pumzi, linaanguka. Hapo ndipo fimbo ya baba inapofanya kazi yake, na waliokataliwa wanarudishwa kwa shangwe.

Ubora wa kitabu umo katika mgeuzo huo. Wimbo uliomlaza mtoto mchanga sasa unalilaza zimwi. Kwa hiyo wimbo si pambo: ukiuondoa, kisa hakisongi mbele. Tena jina lenyewe lina silabi nne, a-bi-yo-yo, na kila silabi huishia kwa irabu kama ilivyo desturi ya Kiswahili, lugha ya Kibantu kama Kixhosa na Kizulu. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu hulitamka bila shida. Kwa kuwa jina linarudiwa kwa jicho na kwa kinywa pamoja, huweza kuwa neno la kwanza analolitambua kwa maandishi.

Hata hivyo, kasoro zipo. Kwanza, wimbo unachelewa. Katika ngano zetu wimbo hurudi kila kisa kinapogeuka, na wasikilizaji huitikia. Hapa mtoto husubiri mpaka zimwi lifike. Pili, mji uliochorwa na Hays una watu wa rangi na mavazi ya kila namna, wala si mji wa mahali popote. Kusudi hilo lina heshima yake, lakini mtoto hufunga kitabu akiwa amebaki na jina moja tu, pasipo kuonjeshwa lugha iliyoulea wimbo.

Kasoro hii ya pili inaigusa Kongo moja kwa moja. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule. Mwalimu atakayetunga kitabu cha picha kutokana na nyimbo za watoto wa Katanga atakutana na shida mara moja. Mtoto huimba «mama iko na mutoto». Mhariri husahihisha na kuandika «mama ana mtoto». Sarufi imepona, ila silabi imepungua, mapigo yamevunjika, na mikono iliyokuwa ikipiga makofi haijui pa kuangukia. Jambo zito zaidi ni kwamba mtoto amefundishwa, katika kitabu chake cha kwanza, kwamba mama yake huimba vibaya.

Si lazima kuchagua kati ya wimbo na Kiswahili sanifu. Wimbo na uchapwe jinsi unavyoimbwa nyumbani, nayo masimulizi yanayouzunguka yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Hivyo mtoto ataziona lugha mbili zikikaa ukurasa mmoja bila kugombana, na mwalimu atapata mahali pa kuanzia somo. Seeger ameonyesha kwamba wimbo waweza kubeba kitabu kizima. Ni juu ya watungaji wa huku kuhakikisha kwamba kitabu nacho hakiutupi wimbo njiani.