Magofu au Mahame? Orodha ya Urithi wa Dunia Mbele ya Jicho la Ushairi

Orodha nayo ni maandishi, na maandishi yoyote yaweza kuhakikiwa. Orodha ya Urithi wa Dunia ilizaliwa na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Nchi hii ina maeneo saba ndani yake: Ngorongoro (1979), magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara (1981), Serengeti (1981), Pori la Akiba la Selous (1982), Kilimanjaro (1987), Mji Mkongwe wa Zanzibar (2000) na michoro ya miambani ya Kondoa (2006). Ni kana kwamba beti saba zimechaguliwa kutoka katika utenzi mrefu. Wachaguzi wana vigezo vyao kumi, vilivyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini mhakiki wa ushairi hatosheki kuambiwa kwamba ubeti ni mzuri. Huuliza umesema nini, kwa lugha gani, na ni sauti ya nani iliyoachwa nje.

Suala la lugha ndilo la mwanzo. Hati ya kuombea mahali paingizwe katika Orodha sharti iandikwe kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwana wa Kilwa atakaye kujua kisiwa chake kimesifiwa kwa lipi hana budi kuisoma sifa hiyo kwa lugha ya mgeni, au kungoja afasiriwe. Na tafsiri ikija huja na neno moja zito, ambalo aghalabu hupita bila kuangaliwa: urithi.

Katika lugha za Ulaya neno lililo sawa na hilo limekwisha kulegea, likawa jina la kila kitu cha kale kinachopendeza. Kwa Waswahili halijalegea. Akitajiwa urithi, msikilizaji huuliza kimoyomoyo: amekufa nani? Mirathi ina taratibu zake zinazojulikana na kila mtu wa pwani. Kwanza maiti azikwe, kisha madeni yake yalipwe, kisha wasia utekelezwe. Hapo ndipo warithi hukaa wakagawana. Asiyetajwa miongoni mwa warithi hapati fungu. Neno hili likichukuliwa kwa maana yake kamili, Orodha inadaiwa majibu matatu: maiti ni nani, warithi ni nani, na deni limelipwa?

Kilwa ndiyo inayoitwa maiti waziwazi. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, ukiwa umetajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno wakauvamia. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vimebaki kuwa ushahidi. Mwaka 2004 magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kuta zikaimarishwa, na mwaka 2014 yakaondolewa humo. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, na asiyeishukuru hajapata kuona ukuta wa matumbawe ukiliwa na mawimbi.

Hata hivyo jina lenyewe lina walakini. Kiswahili kina gofu na kina hame, na maneno hayo mawili hayalingani. Gofu ni mabaki ya kitu: nyumba iliyosalia kuta, au hata mtu aliyekondeshwa na maradhi, ambaye huitwa gofu la mtu. Hame latokana na kuhama. Ni mahali walipopaacha watu, na neno hilo haliwezi kutamkwa bila wahamaji kukumbukwa. Aliyechagua kuandika magofu ameliona jiwe. Angeandika mahame angeuliza waliokuwamo wamekwenda wapi. Na kwa Kilwa Kisiwani hata hilo lisingetosha, kwa kuwa wavuvi na wakulima wanaishi kisiwani humo hadi leo, wakipita kando ya kuta hizo kwenda pwani na kurudi. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka. Hadithi hiyo haimo katika ukuta wowote. Imo katika vitabu na katika vinywa, na vinywa havikupewa namba ya usajili.

Washairi wa pwani waliyasoma magofu zamani, kabla ya mkataba wowote wa mataifa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliutazama mji wa Pate ulioanguka na kuuonyesha moyo wake yaliyobaki ya majumba ya wakwasi. Hakuomba kuta zijengwe upya. Alitaka moyo uone ufahari ulivyoondoka, upate kuonyeka. Pate haimo katika Orodha. Jirani yake Lamu, upande wa Kenya, iliingia mwaka 2001. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili hakuna mji uliobomoka ambao vyumba vyake vinajulikana kama vile vya Pate, kwa sababu mshairi aliwapitisha wasomaji chumba kwa chumba.

Hapo pana njia mbili za kusoma gofu. Mhifadhi husema jiwe lisianguke tena. Mshairi huuliza lilianguka kwa nini. Kila njia ina hatari yake. Ya mhifadhi yaweza kuacha ukuta ukisimama bila maana. Ya mshairi nayo yaweza kugeuzwa kisingizio: maadamu dunia ni ya kupita, ya nini kuchanganya chokaa? Mapokeo yetu ya ushairi yamewalea wengi katika kisingizio hicho, na ni haki kuyalaumu kwa hilo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar waleta swali la pili, la warithi. Ardhi iliyosajiliwa ni hekta 96. Ndani yake mna nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mshororo unavyoamuliwa na mizani. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa namna hiyo hunasa unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu. Mambo hayo Orodha imeyaelewa, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji iliyoundwa mwaka 1985 imeyahangaikia kwa miaka mingi.

Lakini ng'ambo ya pili ya kilichokuwa kijito palikuwa na mji mwingine, nao uliitwa Ng'ambo hivyo hivyo. Huko waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi na waliotoka utumwani. Huko ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeitwa kuimba katika majumba ya wakubwa kisha akarudi kwake. Taarab ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliona inafaa kumwandikia wasifu, jambo ambalo ni wachache tu wa zama zake walilolipata. Ng'ambo haimo katika zile hekta 96. Mpaka wa Orodha umepita palepale ulipopita mpaka wa zamani kati ya wenye nyumba za mawe na wenye nyumba za udongo. Watu wa pande zote mbili walikuwa mji mmoja wa lugha moja, na upande uliotoa wimbo ndio uliokosa fungu.

Wazee wa Mji Mkongwe walikuwa na neno jingine lililofaa kuliko urithi, nalo ni wakfu. Nyumba nyingi za mji huo ziliwekwa wakfu na wenyewe, ili wakae humo jamaa, maskini au watumwa walioachwa huru, na kodi yake itengeneze paa au msikiti. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Mwenye kuitunza ni msimamizi tu, na walengwa wake hutajwa katika hati. Urithi humwuliza mtu amepata nini. Wakfu humwuliza anamtunzia nani. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa katika Orodha kwa miaka ishirini. Kuandikwa hakukulishika.

Mfano ulio mgumu zaidi uko bara. Ngorongoro iliundwa mwaka 1959 kwa ahadi kwamba wafugaji na wanyamapori wataishi pamoja. Iliingia katika Orodha mwaka 1979 kwa sifa za maumbile. Mwaka 2010 iliongezewa sifa ya utamaduni, na ushahidi mkuu wake ulikuwa mabaki ya Oldupai na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Nyayo hizo zastahiki heshima. Ila toka mwaka 2022 familia za Wamaasai zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, na wapo Wamaasai walioyapinga maelezo hayo hadharani. Msomaji wa kawaida wa mashairi ataliona tatizo la ubeti huo bila kufundishwa: wayo wa kale umepewa jina la utamaduni, na mwenye wayo wa leo anapewa usafiri. Hapo hame linaanza kutengenezwa mbele ya macho ya watu.

Ingekuwa dhuluma kusema Orodha ni kiziwi. Kondoa yashuhudia kinyume chake. Mwaka 2006, pamoja na kuisifu michoro yenyewe, Kamati ilitambua kwamba wenyeji wangali wakiyatumia baadhi ya mapango hayo kwa matambiko. Mungomi wa Kolo ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji, na sifa hiyo ilihesabiwa. Kwa hiyo njia ipo, nayo imekwisha kupitwa mara moja: mahali kusifiwa pamoja na watu wanaopatumia na maneno wanayoyasema hapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa hilo daftari la UNESCO lina faida. Daftari, hata hivyo, huandikwa madeni pia. Deni la Kilwa ni kuwekewa masimulizi yake, kwa Kiswahili, pale pale kisiwani, ili mtoto ayasome kabla ya mgeni. Deni la Zanzibar ni Ng'ambo kutajwa. Deni la Ngorongoro ni wenyewe kusikilizwa kabla ya lori kufika. Na washairi wana deni lao, kwa kuwa wengi wa siku hizi wakiandika juu ya maeneo haya hujaza vina kwa minara, milango ya nakshi na theluji ya mlimani, kama kadi za posta. Sayyid Abdalla aliuliza waliokuwamo wako wapi. Washairi wa sasa wana bahati kuliko yeye: baadhi ya waliomo wangalimo, na wanaweza kuulizwa wenyewe.