Faili Hukatika kwa Njia Mbili, Maabara Inapima Moja

Ukisoma tangazo la faili za kutibia mizizi ya meno, mara nyingi utakutana na grafu inayoonyesha kwamba faili hii ilizunguka mara nyingi kuliko ile kabla ya kukatika. Usikubali haraka. Uliza kwanza: ilikatikaje?

Tangu mwaka 1988, Walia na wenzake walipotengeneza faili za kwanza za aloi ya nikeli na titani, madaktari wamekuwa na chombo kinachopinda kufuata kona za mzizi. Tatizo ni kwamba kupinda kunachosha metali. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara kadhaa, mwishowe unakatika. Faili inayozunguka mara 300 kwa dakika, ikikaa sekunde 10 tu kwenye kona, imeshakunjwa mara 50 mahali palepale. Hiyo ni njia ya kwanza, kuchoka. Njia ya pili ni kusokotwa: ncha inanasa mzizini huku mota inaendelea kuzungusha, sawa na bolti yenye kutu unayoilazimisha kwa spana.

Sasa tazama jaribio lenyewe. Faili inazungushwa ndani ya mfereji bandia, mara nyingi wa chuma, wenye nafasi ya kutosha ili ncha isinase. Yaani njia ya pili imefungiwa nje kabla kazi haijaanza! Ilhali mwaka 2000 Sattapan na wenzake walipochunguza faili za aina moja zilizokwisha kutumika kwa wagonjwa, kati ya zilizokatika, asilimia 55.7 zilikatika kwa kusokotwa na 44.3 kwa kuchoka.

Kuna na suala la joto. Mpangilio wa atomi za aloi hii hubadilika kwa joto. Faili iliyo laini kwenye joto la chumba inaweza kuwa ngumu zaidi kwenye nyuzi 37 za mwili, ikachoka mapema. Majaribio mengi yamefanyika kwenye joto la chumba, kana kwamba mgonjwa ni meza.

Sisemi jaribio halina maana. Mwaka 1997 Pruett na wenzake walilitumia kuonyesha kwamba kona kali hufupisha maisha ya faili, na hilo linamsaidia daktari kuamua faili ipi isirudiwe. Kosa ni kulitumia kupanga washindi. Hülsmann, Donnermeyer na Schäfer nao walilihakiki kwa kina mwaka 2019.

Hili si gomvi la wasomi tu. Kipande kikibaki mzizini, sehemu iliyo chini yake huwa ngumu kusafishwa, na bakteria wakibaki humo, jino linaweza kuuma tena. Daktari aliyeiamini grafu akasukuma faili kwa nguvu kwenye mfereji mwembamba hakulindwa na namba ile, wala mgonjwa wake. Kwa hiyo ukiiona grafu hiyo tena, tafuta mambo matatu: kona ilikuwa kali kiasi gani, joto lilikuwa nyuzi ngapi, na je, kusokotwa kulipimwa popote?