Kupima Elimu ya Historia

Wengi hunena ya kwamba vijana wa siku hizi hawaijui historia kama walivyoijua wazee wao. Neno hili twalitilia shaka, maana majaribio yenyewe yanalikanusha.

Mwaka 1917 Bell na McCollum walitoa habari za jaribio walilowapa wanafunzi 1,500 hivi wa Texas juu ya mambo makuu ya historia ya Marekani. Wale wa shule za sekondari walipata 33 tu katika 100. Na wengine walimchanganya Thomas Jefferson, aliyeandika tangazo la uhuru la 1776, na Jefferson Davis, aliyeongoza majimbo ya kusini yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861. Mwaka 1943 gazeti la New York Times likawajaribu wanafunzi wapya 7,000 wa vyuo 36. Ni 6 tu katika kila 100 walioweza kuyataja makoloni 13 ya kwanza. Mwaka 1987 Ravitch na Finn wakatoa kitabu juu ya vijana wa miaka 17, na malalamiko yakawa yale yale. Basi, ulikuwa lini wakati huo ambapo vijana walijua yote?

Sisi twaona kosa kubwa liko katika kipimo. Hakuna apimaye nguo kwa pishi. Swali litakalo jina au mwaka hupima kumbukumbu. Halipimi akili itambuayo sababu za mambo. Mwanafunzi aweza kujua ya kuwa ngome ya Bastille ilitekwa tarehe 14 Julai 1789, asijue kwa nini Wafaransa waliasi.

Bora ni swali la nyaraka, lililoanza mwaka 1973 katika mtihani wa historia ya Marekani wa Advanced Placement, na sasa limo katika ule wa historia ya Ulaya pia. Mtahiniwa hupewa nyaraka 7, naye hutakiwa kujenga hoja kwazo. Kwa mfano, mpe Tangazo la Haki la Wafaransa la 1789, pamoja na lile aliloandika Olympe de Gouges mwaka 1791 kudai haki za wanawake, kisha umwulize: Ni nani walioachwa nje ya uhuru ule, na kwa nini? Hapo kasuku hunyamaza, na mwenye kufikiri hunena.

Walakini hatusemi miaka na majina yatupwe, kwani asiyejua yaliyotangulia hawezi kuzipima nyaraka hizo. Twasema tu ya kwamba haifai mwalimu kumhukumu mtoto kuwa mjinga kabla hajakihukumu kipimo chake mwenyewe.