Ustadi wa Milango Minne

Machi 2022 kampuni ya Subaru ilitangaza kwamba gari lake la WRX la kizazi kipya halitapata toleo la kasi zaidi, STI, la injini ya petroli. Miaka miwili kabla, gari lake jingine, Legacy, lilikuwa limeondolewa sokoni huko Japani lilikozaliwa, na mwaka 2025 likafikia kikomo hata Marekani. Kwa wengi hizo ni habari za biashara tu. Magari huja na kupita. Lakini wapo wanaofungua boneti Jumamosi asubuhi, Nakuru au Arusha, kwa mapenzi tu, hata kama hakuna kilichoharibika, na hao wana haki ya kuhuzunika. Kinachotutoka ni ustadi ambao tumeusifu kidogo mno. Kuunda gari la kasi si kazi ngumu kwa mwenye fedha: ng'oa viti, shusha bodi, tia injini kubwa. Kuunda gari la kubebea watoto na mizigo ni rahisi zaidi. Kuyatia yote mawili katika bodi moja ya milango minne, moja lisilidhulumu jingine, ndiko kunakomtambulisha fundi. Hoja yangu ni kwamba gari dogo la familia lenye nguvu za mashindano lilikuwa kazi ya ustadi kwa sababu lilikataa kuchagua, na kwamba tunalipoteza kwa kuwa sisi wenyewe tumezoea kuridhika na nusu.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya kulielewa hili mapema. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, washindani walikuja na magari ambayo jirani angeweza kuyanunua dukani. Mercedes-Benz 219, gari la heshima la kwendea kazini, lilishinda mwaka 1959 na 1960. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudi na kushinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na 504 ikaipokea mwaka 1975. Mtu aliyesimama kando ya njia akifunikwa na vumbi la mshindi aliweza kurudi mjini akaiona Peugeot ya ukoo huo huo ikishusha abiria na magunia yao. Heshima ya gari ilipimwa mbele ya macho ya watu, katika matope na mawe ya kwao, na aliyeikubali alijua anachokikubali.

Subaru iliurithi uhusiano huo wa gari la nyumbani na la mashindano wakati kanuni zenyewe ziliulinda. Kuanzia 1987 daraja la juu la mashindano ya dunia liliendeshwa kwa kanuni za Kundi A, zilizotaka gari la mashindano litokane na gari lililoundwa kwa maelfu na kuuziwa umma. Aliyetaka kushinda alilazimika kwanza kumtengenezea gari zuri baba wa watoto watatu. Januari 1989 Legacy RS ilizungushwa usiku na mchana katika uwanja wa majaribio huko Arizona hadi ikatimiza kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 223 kwa saa. Impreza ndogo ikafuata. Katika Safari ya 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa ndani ya Impreza, na mwaka 1996 Kenneth Eriksson akamaliza wa pili kwa Impreza ya milango minne. Colin McRae alishinda mwaka uliofuata, lakini kufikia hapo kanuni zilikuwa zimelegezwa, na gari lake lilikuwa la milango miwili, limeundwa kwa ajili ya mashindano. Ushindi ulipatikana. Sharti lililoifungamanisha nyumba na uwanja ndilo lililokatika.

Injini yenyewe inastahili kusimuliwa bila haraka. Subaru ilianza kulaza pistoni kushoto na kulia mwaka 1966, katika gari lililoitwa Subaru 1000, na ikaishikilia njia hiyo ijapokuwa injini ya kusimama ni nafuu kuunda na rahisi kufungua. Pistoni zinazokwenda pande mbili zinazokabiliana hufutiana mtikisiko. Uzito wa injini hukaa chini, karibu na barabara, na gari halilali sana kwenye kona. Dereva mwenye haraka hupata uthabiti. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hupata utulivu, na wote wawili wamehudumiwa na uamuzi mmoja. Nyuma ya injini hukaa gia, kisha shafti inayokwenda moja kwa moja hadi magurudumu ya nyuma, kulia na kushoto vikilingana. Hata nguvu ya magurudumu manne haikuzaliwa uwanjani. Chanzo chake ni ombi la shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lililohitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa theluji. Mwaka 1972 Subaru Leone ya magurudumu manne ikaanza kuuzwa. Matumizi yalitangulia, kasi ikafuata.

Kisha kuna ule mngurumo ambao wapenzi wake huutambua kabla gari halijatokea kwenye kona. Turbo hukaa upande mmoja, hivyo moshi wa silinda za upande wa pili husafiri njia ndefu zaidi chini ya injini kabla ya kuifikia. Mapigo hufika yakiwa hayalingani, na sauti hutoka ikidundadunda. Mwaka 2003 wahandisi wa Legacy walisawazisha urefu wa mabomba hayo. Turbo ikaanza kuamka mapema, na mdundo ukapotea. Wengi walilalamika. Naona wahandisi walikuwa sahihi, na huo ni ushahidi bora kwa hoja hii kuliko ushindi wowote. Mngurumo ulipendwa, lakini ulitokana na mabomba yasiyolingana. Ilipopatikana njia ya kuifanya injini ipumue vizuri, walikuwa tayari kupoteza sifa ya masikio. Fundi wa kweli haabudu alama yake mwenyewe. Vijana wanaotoboa ekzosi ili mtaa mzima usikie wamelipenda gari kwa jambo ambalo waundaji wake walikubali kuliacha.

Itasemwa kwamba magari haya yameua, na ni kweli. Lakini tutazame uwezo huo ulikusudiwa nini. Katika barabara kuu ya njia mbili, nyuma ya lori linalopanda mlima, gari lenye nguvu hukaa muda mfupi zaidi upande usio wake. Breki na magurudumu manne yanayoshika barabara ni usalama kwa anayejizuia. Kujizuia huko kulikuwa sehemu ya utamaduni wa waundaji: kwa miaka kumi na mitano hivi, hadi 2004, makampuni ya Japani yalikubaliana kutotangaza gari la kuuza lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Legacy B4 ilifikia kipimo hicho kwa injini ya lita mbili, viti vitano vikiwa mahali pake na buti halijaguswa. Itasemwa pia kwamba hunywa mafuta. Hunywa, na mwenye nayo ajue hivyo kabla ya kununua. Ila hoja hiyo haina uzito mdomoni mwa anayeendesha peke yake mjini gari refu la tani mbili. Na anayesema barabara zetu zinadai gari la juu ana haki kama anaishi mwisho wa njia ya udongo. Wengi wa wanaonunua urefu huo hukanyaga lami kutoka nyumbani hadi ofisini.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la gari la umeme, ambalo huondoka kwa kasi zaidi na halitoi moshi. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini hakuna aliyelazimishwa na umeme kuacha gari la chini, jepesi, lenye milango minne. Liliachwa kwa sababu wanunuzi walitaka kuonekana wakubwa, na viwanda vikawatii. Hapa kwetu pia tuna deni. Magari haya yalitufikia kupitia Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametunzwa, mengine yakiwa na rekodi ya kila oili iliyobadilishwa, nasi tukayatilia oili ya bei rahisi, tukakata springi, tukairudisha nyuma mita ya kilomita ili tumuuzie mwenzetu, na belti ya taimingi tukaiacha mpaka ikatike yenyewe. Halafu tukasema Subaru ni mbovu. Fundi anayejua kuifungua injini iliyolala, anayefikia plagi zilizobanwa ubavuni bila kuharibu kitu, bado yupo katika miji yetu, lakini wateja wake wengi humwendea baada ya turbo kufa, wakitaka bei ipungue na kazi iishe jioni ile ile. Magari mazuri yaliyobaki yanaweza kuishi miaka mingi, kwa kuwa yaliundwa na watu waliotazamia kwamba yatafunguliwa na kutengenezwa. Yakifa mapema yatakuwa yameuawa na uzembe, na lawama hiyo haitamhusu Mjapani.